Koo mbili za Unix, hati moja: uchambuzi wa kisa cha kuunganisha mifumo endeshi iliyoshindana

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki, cha mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Unix, kilitokea Marekani na Ulaya, kuanzia 1984 hadi 2001. Kampuni nimezitaja kwa majina kwa sababu waliyoyafanya yamo katika kumbukumbu za umma. Wahandisi, mawakili na wakurugenzi walioketi mezani sikuwataja, nimeeleza nafasi zao tu, maana somo halipo kwenye haiba za watu hao.

Nimekiandika kwa ajili ya yeyote anayekalishwa leo kwenye kamati ya viwango na kuambiwa: hawa wana mfumo wao, wale wana wao, vinafanana lakini havielewani, tuunganishieni. Katika kisa hiki juhudi mbili zilikwenda sambamba kwa lengo hilo hilo. Moja ilitaka kuunganisha msimbo wenyewe. Nyingine iliacha msimbo wa kila mtu alipo, ikatafuta makubaliano juu ya huduma ambazo mfumo unamwahidi mwandishi wa programu. Ya kwanza ilileta mfarakano mkubwa kuliko uliokuwapo. Ya pili ndiyo inayotumika hadi sasa.

## Usuli

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, na hapo ikawa rahisi kuihamisha kutoka mashine ya aina moja hadi nyingine. Mapatano ya kimahakama ya 1956 yaliizuia AT&T kuingia katika biashara nje ya simu, kwa hiyo mfumo ulitolewa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo chanzo, bila huduma ya matengenezo. Aliyekuta kasoro aliirekebisha mwenyewe na kuwapelekea wenzake.

Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Berkeley, kilikwenda mbali kuliko vyote. Mkusanyiko wake wa kwanza, BSD, ulitoka 1978. Toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, lililogharimiwa na wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilikuja na TCP/IP na soketi, yaani misingi ambayo intaneti ya leo bado inaitegemea. Mwaka huo huo AT&T ilitoa System V, toleo lake yenyewe la Unix. Kisha, tarehe 1 Januari 1984, AT&T ilitenganishwa na kampuni zake za simu za mikoani, na kizuizi cha biashara kikaondoka. Mfumo uliokuwa ukigawiwa wasomi ukawa bidhaa yenye bei na masharti.

Kuanzia hapo kila mtengenezaji wa kompyuta alichukua ukoo mmoja, akaongeza vyake na kuuita jina lake. Sun ilijenga SunOS juu ya Berkeley, na DEC ikafanya vivyo hivyo kwa Ultrix. HP ilikuwa na HP-UX, IBM ikaja na AIX mwaka 1986. Microsoft ilikuwa na Xenix tangu 1980.

## Tofauti zilikuwa wapi hasa

Kwa mtumiaji aliyekaa mbele ya kioo, mifumo hii yote ilionekana ni ndugu. Amri za ls, cat na grep zilikuwapo kila mahali. Tofauti ilikuwa chini, pale programu inapoomba huduma kutoka kwenye kiini cha mfumo, na huko ndiko fedha za watu zilikopotelea.

Chukua urefu wa jina la faili. System V ilikubali herufi 14. Berkeley ilikubali 255. Programu iliyozoea Berkeley ikipelekwa System V, majina marefu yalikatwa kimya kimya. Faili mbili ambazo majina yake yanafanana katika herufi 14 za mwanzo zikawa faili moja, na ya pili ikaandikwa juu ya ya kwanza. Hakuna ujumbe wa kosa. Mhasibu anakuja kugundua mwisho wa mwezi.

Mbaya zaidi ilikuwa ishara, zile taarifa fupi ambazo mfumo huipelekea programu inayoendelea, kwa mfano mtumiaji anapobonyeza Control-C. Pande zote mbili zilikuwa na huduma iitwayo signal, kwa jina hilo hilo na herufi hizo hizo. Upande wa System V, ishara ikishapokelewa mara moja mpokeaji huondolewa. Ya pili ikiwahi kabla programu haijamweka upya, programu inakufa. Upande wa Berkeley mpokeaji hubaki mahali pake, na ishara ya pili husubirishwa hadi ya kwanza ishughulikiwe. Msimbo ulikubali kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa programu inayoendeshwa, kote kuwili, ukapita majaribio, kisha ukaanguka siku mashine ilipozidiwa na kazi. Tofauti ya majina mtu huiona asubuhi ya kwanza. Tofauti ya tabia chini ya jina moja inaweza kumla miezi.

Kulikuwa na mengine: namna ya kupanga kibodi na kioo, namna ya kufunga faili ili wawili wasiiandike kwa pamoja, chombo cha kufungasha faili kwenye utepe. Kampuni ndogo iliyouza programu ya uhasibu au hifadhidata ililazimika kupata mashine ya kila mtengenezaji, kujaribu upya kila toleo, na kubeba msimbo uliojaa vipande vya “ukiwa Berkeley fanya hivi, ukiwa System V fanya vile”. Wengi walichagua mifumo miwili mitatu na kuiacha mingine. Watengenezaji wakabaki na kompyuta nzuri zisizo na programu za kutosha.

## Mfuatano wa matukio

Mwaka 1984 yalitokea mambo mawili. Chama cha watumiaji wa Unix nchini Marekani kilichapisha kiwango chake cha kwanza cha huduma za msingi. Huko Ulaya, kampuni za Bull, ICL, Siemens, Olivetti na Nixdorf ziliunda X/Open, zikaanza kutoa mwongozo wa pamoja wa namna ya kuandika programu zinazohamishika. Kazi ya chama cha watumiaji ilirithiwa na kamati ya IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, iliyopewa namba 1003, nayo ikatoa rasimu ya majaribio mwaka 1986. AT&T nayo ilikuwa imechapisha maelezo ya huduma za System V mwaka 1985, na baadaye leseni zake zikadai kwamba anayetaka kutumia jina la System V ayafuate.

Oktoba 1987 AT&T na Sun zilitangaza kwamba zitaunganisha System V na Berkeley kuwa mfumo mmoja. Kiufundi lilikuwa jambo jema. Lakini Januari 1988 AT&T ilitangaza pia kwamba itanunua hisa za Sun, hadi asilimia 20. Wengine wakapiga hesabu: mmiliki wa leseni tunazolipia, ambaye naye anauza kompyuta, anaingia ubia na mshindani wetu mkubwa, na wawili hao ndio watakaoamua mfumo wa kesho uweje na nani auone kwanza.

Mwezi huo huo washindani walikutana katika ofisi ya DEC huko Palo Alto. Mei 1988 wakatangaza taasisi iitwayo Open Software Foundation, OSF, yenye waanzilishi saba: Apollo, Bull, DEC, HP, IBM, Nixdorf na Siemens. Nia yao ilikuwa kujenga Unix yao isiyotegemea AT&T. Desemba, AT&T, Sun na washirika wao wakajibu kwa kuunda Unix International. Tangazo la kuunganisha likawa limezaa kambi mbili zenye bajeti, wasemaji na mifumo miwili mipya: System V Release 4 upande mmoja, OSF/1 upande wa pili. Hata madirisha ya kwenye kioo yaligawanyika, Motif huku na OPEN LOOK kule.

Katikati ya kelele hizo, mwaka huo huo wa 1988, kamati ya 1003 ilipitisha hati yake: IEEE 1003.1, iliyojulikana kwa jina la POSIX. Wahandisi wengi walioiandika walikuwa waajiriwa wa kampuni za kambi hizo hizo mbili. Mwaka 1990 ikakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, na mwaka 1992 ikafuatwa na hati ya pili, ya amri na zana.

Kambi zilisalimu amri taratibu. Machi 1993, HP, IBM, SCO, Sun, Univel na USL, kampuni tanzu iliyomiliki msimbo wa AT&T, walitangaza mpango wa pamoja ulioitwa COSE. Sun ikakubali Motif. Kikundi cha kazi kikakusanya orodha ya huduma zote ambazo Unix ya pamoja lazima itoe. Zilipohesabiwa zikawa 1,170: miito 926, yaani maombi ya huduma kutoka kwa programu, faili 70 za vichwa vya C, na amri 174. Novell, iliyokuwa imeinunua USL kutoka AT&T, ilikabidhi jina la UNIX kwa X/Open mwishoni mwa mwaka huo. Unix International ikafungwa. OSF na X/Open ziliungana mwaka 1996 kuwa The Open Group, na mwaka 2001 hati ya POSIX na ile ya UNIX zikawa hati moja, zenye maneno yale yale.

## Maamuzi ya kamati, na sababu zake

Hapa nitakaa zaidi, maana magazeti ya biashara ya wakati ule yaliandika sana juu ya kambi na kidogo sana juu ya chumba hiki.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuandika kiolesura na kuacha utekelezaji. Hati inasema mwito huu unapokea nini, unarudisha nini, unashindwa kwa makosa yapi. Haisemi ndani ya kiini kuna nini. Kwa uamuzi huo hakuna kampuni iliyotakiwa kufungua msimbo wake, wala kulipia wa mwingine, ili itimize kiwango. Swali la nani anamiliki likatolewa mezani, na mawakili wakawa na la kufanya kidogo.

Wa pili: panapokuwa na jina moja lenye tabia mbili, usimpe ushindi yeyote, tunga jina jipya. Kwa ishara waliuacha mwito wa signal na utata wake, wakaleta sigaction, iliyofuata kwa kiasi kikubwa tabia salama ya Berkeley lakini haikuvunja hata programu moja ya System V iliyokuwa ikiendelea. Kwa kibodi na kioo, System V ilikuwa na termio na Berkeley ina sgtty, ikaja termios. Kila kampuni iliongeza huduma mpya pembeni mwa zake za zamani, na hakuna mteja aliyeamka akakuta programu yake imekufa.

Msomaji wa Kiswahili anaijua njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kimvita, pamoja na hazina yake yote ya ushairi, kikawekwa kando. Kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 iliweza kuendesha uamuzi huo kwa sababu serikali za kikoloni zilishika shule na vitabu vyake. Kamati ya 1003 haikuwa na shule wala kiboko. Kama ingeichagua lahaja ya mmoja, nusu ya chumba ingesimama na kuondoka.

Wa tatu ulihusu mambo ambayo hayakuweza kupatanishwa hata kwa jina jipya. Urefu wa jina la faili ni mfano. Kuilazimisha System V ikubali herufi 255 kulimaanisha kubadili namna inavyoandika diski za wateja. Kamati ikaweka kiwango cha chini, 14, na kuongeza mwito wa pathconf ambao programu inautumia kuuliza: hapa nilipo, jina linaweza kuwa refu kiasi gani? Tofauti haikufutwa. Ilifanywa iweze kuulizwa, na programu iliyoandikwa kwa uangalifu ikaacha kushtukizwa.

Na pale ambapo ubishi ulikuwa wa mazoea zaidi ya ufundi, walikubali kulipa gharama. Watu wa tar na watu wa cpio walivutana juu ya namna ya kufungasha faili kiasi kwamba hati ya 1988 ilikubali miundo yote miwili. Hati ya 1992 ikaleta chombo cha tatu kinachosoma na kuandika yote, nacho wakakiita pax, amani kwa Kilatini. Wengi wetu bado tunatumia tar, na hilo halinisumbui, kwa sababu lengo lilikuwa kazi isonge mbele na kweli ilisonga.

Upigaji kura ulichangia pia. Katika IEEE waliopiga kura walikuwa watu binafsi, si kampuni. Ilihitajika asilimia 75 ya kura za ndiyo, na kila pingamizi lilistahili jibu. Kazi ilikwenda polepole, lakini aliyeshindwa aliondoka akijua hoja yake imesomwa.

## Matokeo

Kwa upande wa soko, umoja ulichelewa. Windows NT ilitoka Julai 1993, miezi michache baada ya COSE, na wanunuzi wengi wa kompyuta za mezani hawakungoja zaidi. Kambi zilikuwa zimepoteza takriban miaka mitano.

Kwa upande wa hati, matokeo yalizidi matarajio. Serikali ya Marekani iliifanya POSIX kuwa sharti katika zabuni zake, na kampuni zikaitimiza bila kuhitaji kupendana. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliomba hadharani aelekezwe maelezo ya POSIX yanapatikana wapi. Kiini alichokuwa akikijenga kikawa Linux. Mac OS X 10.5 ya mwaka 2007 ilipata cheti rasmi cha UNIX. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayeandika programu ya C kwenye Linux na kuipeleka kwenye Mac, akakuta inakompailiwa bila kuguswa, anavuna kazi ya chumba kile.

## Uchambuzi: kilichofaa

Kwa maoni yangu, chanzo kikuu cha mafanikio kilikuwa kutenganisha ahadi na mali. Ushahidi ninaouona una nguvu kuliko wote ni kesi ambayo USL iliifungua mwaka 1992 dhidi ya kampuni iliyouza mfumo wa Berkeley, kisha ikakiingiza na Chuo Kikuu chenyewe. Ilimalizika kwa mapatano mapema 1994. Kati ya faili takriban 18,000 za Berkeley, 3 tu ndizo zilizoondolewa. Kwa muda wote huo wateja waliogopa kuigusa Berkeley. Hivyo ndivyo muungano unavyokuwa ukipitia mlango wa umiliki wa msimbo. Hati ya kiolesura haikuwa na mlango huo kabisa.

Jambo la pili ni mnunuzi. Kamati inaweza kuandika vizuri na hati ikabaki kabatini. POSIX ilipata meno pale sharti lilipoandikwa kwenye zabuni na mnunuzi ambaye hakuna mtengenezaji aliyeweza kumpuuza. Katika nchi zetu, ambako serikali ni mnunuzi mkubwa wa programu, hili linastahili kusomwa mara mbili: wizara inayotaka mifumo ielewane ina silaha tayari, nayo ni maneno ya zabuni yenyewe.

Orodha ya 1,170 nayo ina somo. Waliotunga hawakuishia kuuliza mfumo bora unapaswa kuwa na nini. Walichunguza pia programu zilizokuwa zikiuzwa, wakatazama zinaita huduma zipi kweli. Kwa hiyo mwandishi wa programu alijikuta ndani ya kiwango bila kuandika upya kazi yake.

## Uchambuzi: kilichoshindwa

AT&T ilishindwa kwa sababu ilitaka kuwa mwamuzi na mchezaji. Kitaalamu Release 4 ilikuwa muungano wa kweli wa System V, Berkeley na hata Xenix. Mifumo mingi mizuri ilijengwa juu yake, Solaris ya Sun mojawapo. Lakini tangazo la hisa lilikuja kabla ya utaratibu wowote wa kuwahakikishia wengine haki sawa. Kama jina la UNIX lingekabidhiwa kwa chombo kisichouza kompyuta mwaka 1987, badala ya kungoja 1993, sioni OSF ingezaliwa kwa sababu gani.

Kiwango cha chini nacho kilitumiwa vibaya. Microsoft iliweka sehemu ya POSIX ndani ya Windows NT. Ilitimiza hati ya kwanza tu, na programu iliyokaa humo haikuweza kufika kwenye mtandao wala kuchora madirisha. Ilitosha kuweka alama ya tiki kwenye fomu ya zabuni, haikutosha kufanya kazi. Mnunuzi aliomba kiwango bila kuuliza kinafunika kiasi gani cha kazi yake.

Na si kila maafikiano yalizaa kitu kizuri. Kwa kufunga faili, kamati ilichukua namna ya System V, fcntl, ambayo ina kasoro kubwa: programu ikifungua faili hiyo hiyo mara ya pili na kuachilia nafasi hiyo ya pili, kufuli zake zote juu ya faili hiyo zinapotea, hata aliyeziweka akiwa sehemu nyingine kabisa ya programu. Mwandishi wa hifadhidata anaweza kupoteza ulinzi kwa sababu maktaba aliyoiazima imeisoma faili ile kwa sekunde moja. Kufuli za Berkeley hazikuwa na tatizo hili, lakini kiwango kilikwisha kuandikwa na programu zilikwisha kukitegemea. Linux iliongeza mwaka 2014 aina ya kufuli inayofuata ufunguzi wa faili badala ya programu, na POSIX ikaiingiza katika toleo la 2024, miaka 36 baada ya hati ya kwanza. Tabia ya zamani imebaki kando yake, na anayeandika fcntl bila kusoma ukurasa mzima bado anaipata hiyo.